Barakoa ya Askari

Neno barakoa ni la zamani katika lugha ya Kiswahili, na wale waliodhani kwamba lilizaliwa mwaka 2020 pamoja na ugonjwa wa korona walikosea. Wazee wa pwani walilijua muda mrefu kabla ya hapo. Katika mji wa Unguja, na ng'ambo katika nchi ya Omani, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso walichovaa wanawake wapitapo mbele za watu. Kiliacha macho wazi, kikasitiri sehemu kubwa ya uso iliyosalia. Kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939 kwa uongozi wa Frederick Johnson inalo neno hilo kwa maana hiyo. Basi lugha yetu ilipohitaji jina la kitambaa cha kuzuia pumzi za mgonjwa, haikwenda kukopa ugenini. Ilifungua sanduku la bibi, ikatoa vazi lililokuwa karibu kusahauliwa, na kulipa kazi mpya.

Kati ya vazi la kale na la sasa iko tofauti moja kubwa. Barakoa ya kale ilivaliwa kwa ajili ya staha ya mvaaji mwenyewe. Barakoa ya sasa huvaliwa zaidi kwa ajili ya mtu mwingine, maana kazi yake kuu ni kuyazuia mate na pumzi za mvaaji yasimfikie jirani yake. Hapo ndipo linapozuka swali lililowagawa watu wa mataifa mengi: je, ni haki kwa serikali kumlazimisha mtu afunike uso wake kwa manufaa ya mwenziwe?

Mimi swali hilo lilinikuta majini. Mwezi wa Agosti 2020 nilisafiri kutoka bara kwenda Takawiri kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa. Takawiri ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay, kati ya visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kina fuo za mchanga mweupe na watu wake wengi ni wavuvi. Shule zote za Kenya zilikuwa zimefungwa tangu Machi, nami nilikuwa mwalimu asiye na wanafunzi. Wakati wa kurudi tulikuwa abiria wapatao ishirini katika mashua ya mbao yenye mota, tumekaa bega kwa bega katikati ya magunia ya omena na kreti za soda tupu. Aliyevaa barakoa ni mimi na mama mmoja mchuuzi wa samaki, na yake ilikuwa imeshuka kidevuni.

Tulipokaribia nchi kavu, nahodha aliwaona askari wawili wamesimama ufuoni. Mara akatoa mfukoni barakoa moja ya buluu iliyochakaa, akaivaa, akashuka, akawaamkia, kisha akarudi mashuani kana kwamba amesahau kitu. Akaivua, akampa kijana aliyekaa nyuma. Kijana akaivaa akashuka. Sikuona jinsi ilivyorudi tena, lakini ilirudi, na mtu wa tatu akashuka nayo. Askari nao, nadhani, waliona haya kuhesabu.

Nilimwuliza nahodha kama haoni hatari ya kuvaa kitambaa kilichotoka kinywani mwa mwenzake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "hii si ya ugonjwa. Hii ni ya askari."

Sheria aliyoiogopa nahodha yule ilitangazwa Aprili 2020, majuma machache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi. Mtu asiyevaa barakoa mahali pa watu wote aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa mshahara wa mkubwa wa ofisi, faini hiyo ni maudhi. Kwa mvuvi wa omena, ambaye leo hupata na kesho hurudi na nyavu tupu, ni sawa na kumnyang'anya nyavu zenyewe.

Lakini kabla ya kuilaumu sheria, yafaa tutazame jinsi barakoa ilivyoingia katika vita vya wanadamu na maradhi. Katika majira ya baridi ya 1910 na 1911 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa Uchina, ikaua watu wapatao 60,000. Serikali ilimtuma mjini Harbin daktari mwenye umri wa miaka 31, jina lake Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge. Waganga wengi wa siku zile waliamini kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya. Wu alisema kwamba tauni hii yapita katika hewa, kutoka pumzi ya mtu hadi pumzi ya mtu, akaagiza kwamba madaktari, wauguzi na wachukuzi wa maiti wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri na uzoefu, alimdharau kijana huyo akaenda kuwatazama wagonjwa uso wazi. Baada ya siku chache alikufa kwa tauni hiyohiyo. Tangu hapo barakoa zikaonekana kotekote mjini.

Miaka minane baadaye ikaja homa kuu ya mafua ya 1918. Mji wa San Francisco, huko Marekani, ulitoa amri mwezi wa Oktoba kwamba kila mtu avae barakoa barabarani. Wengi walitii, wengine walitozwa faini, na wengine walifungwa. Mwishoni mwa mwezi huo afisa mmoja wa afya aligombana barabarani na mtu aliyekataa kuvaa, akampiga risasi. Amri ilipoondolewa Novemba watu walishangilia wakazitupa barakoa zao njiani. Iliporudishwa Januari 1919, ulitokea umoja wa watu waliofanya mkutano mkubwa wa kuipinga. Hata leo wasomi wa mambo hayo hawakubaliani kama amri ile, kwa vitambaa vile vyepesi vya shashi, ilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa.

Homa hiyohiyo iliingia Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba 1918, ikapanda reli kwenda bara. Iliwakuta watu wamekwisha kudhoofishwa na vita, maana Nyanza ilikuwa imetoa maelfu ya vijana kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na wengi wao hawakurudi. Imekadiriwa kwamba katika nchi ambayo sasa ni Kenya watu wapatao 150,000 walikufa kwa mafua hayo.

Hata hivyo, ukitaka kuelewa kwa nini mtu wa visiwani huitazama amri ya afya kwa jicho la shaka, usianze na mafua. Anza na malale. Ugonjwa huo wa usingizi ulitambuliwa huko Uganda mwaka 1901, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba unaletwa na mbung'o wakaao katika vichaka vya ukingo wa maji. Kabla ya kutulia ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa hili. Dawa ya uhakika haikuwapo. Robert Koch, Mjerumani mwenye sifa duniani kote, alifika katika visiwa vya Sese akajaribu dawa iitwayo atoksili. Iliwapa wagonjwa nafuu ya muda, lakini baadhi yao iliwapofusha macho. Ndipo Gavana Hesketh Bell, aliyefika Uganda mwaka 1906, akaamua kwamba ikiwa mbung'o hawawezi kuondolewa, basi wataondolewa watu. Ukanda wa maili 2 kutoka ukingoni ulihamwa, na mwaka 1909 visiwa vya Sese vilifuata.

Hukumu juu ya jambo hilo si rahisi, na mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiharakishe kuitoa. Vifo vilipungua sana. Hilo ni kweli. Lakini mtu aliyeondolewa aliacha mitumbwi, migomba na makaburi ya wazee wake, akapelekwa mahali ambapo uvuvi haukumfaa kitu, na hakuna aliyemwuliza shauri. Aliokolewa kama ng'ombe aokolewavyo na mafuriko. Upande wetu wa ziwa nao, bonde la Lambwe, lililo nyuma ya Mbita, lilibaki pori la mbung'o kwa miaka mingi. Watu wa Rusinga, Mfangano na Takawiri wamezaliwa katika nchi yenye kumbukumbu za namna hiyo.

Turudi kwenye barakoa. Wako waliosema kwamba haifai kitu kabisa, na walipata nguvu kwa sababu wataalamu wenyewe walibadili maneno. Katika miezi ya kwanza ya 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wa afya kuvaa barakoa. Tarehe 5 Juni lilishauri zivaliwe mahali palipo na maambukizi mengi na watu wasipoweza kukaa mbalimbali. Mtu wa kawaida aliona kigeugeu. Mimi naona kwamba mtaalamu anayekiri kuwa jana hakujua ni wa kuaminiwa kuliko yule ambaye hajakosea kamwe, ila ni lazima akiri waziwazi, naye akawia.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya vijijini ulitoka Bangladesh. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 watafiti walifanya jaribio katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Vijiji vingine viliachwa kama vilivyokuwa. Vingine viligawiwa barakoa bure, vikapewa maelezo, viongozi wao wakavaa mbele ya watu, na waliosahau wakakumbushwa kwa upole. Katika vijiji hivyo wavaaji waliongezeka kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42. Ugonjwa wenye dalili, uliothibitishwa kwa kupima damu, ulipungua kwa kadiri ya asilimia 9. Na kwa wazee waliozidi miaka 60, katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, ulipungua kwa kadiri ya asilimia 35. Asilimia 9 si muujiza. Lakini asilimia 35 ya wazee ni watu wengi, na sisi tunaolelewa na nyanya zetu tunajua thamani yao.

Tazama sasa njia waliyoifuata: kugawa, kueleza, kukumbusha. Ongezeko lile halikuletwa na faini ya watafiti. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Faini ilitangulia, na barakoa ikamfikia mtu wa kisiwani kwa fedha yake mwenyewe. Ni kweli kwamba kiwanda cha Rivatex cha Eldoret na kile cha Kitui vilizishona kwa wingi, na mafundi cherehani wa kila mji walishona za kitenge. Hata hivyo mwenye watoto sita alihitaji kununua nane, na kuzifua kila siku kwa sabuni.

Mahali pengine madhara yalikuwa makubwa kuliko kero. Mwezi wa Juni 2020, katika mji wa Lessos, Kaunti ya Nandi, watu 3 waliuawa kwa risasi za polisi katika ghasia ambazo, kama ilivyoripotiwa siku zile, zilianzia kwa mwendesha bodaboda aliyekamatwa kwa ajili ya barakoa. Kitambaa kilichokusudiwa kuokoa maisha kilileta mauti kabla ya ugonjwa kufika.

Je, basi isingetungwa sheria hata kidogo? Hapana, sisemi hivyo. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine: baada ya kutangaza wagonjwa 509 mwaka 2020, waliacha kutoa hesabu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na barakoa haikuwa amri. Wavuvi wa Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori, walikutana majini na wavuvi wa Mara, mmoja amefungwa na sheria na mwingine hakufungwa, nao walivuta pumzi moja. Kunyamaza hakukumfaa mtu. Kenya ilihesabu, na ilihesabu vifo zaidi ya 5,600 vilivyothibitishwa. Angalau twajua tulilia kwa ajili ya wangapi.

Shauri langu ni hili. Serikali ina haki ya kudai barakoa katika chumba kilichofungwa ambamo mtu hawezi kujiepusha na pumzi ya mwenziwe: hospitali, matatu, darasa, ghala la samaki. Haki hiyo hukamilika ikiwa kwanza imempa asiye nacho. Lakini mvuvi aliye katika upepo wa ziwa wazi, peke yake na nduguye wanaolala nyumba moja, kumvika barakoa kwa nguvu ni kumfundisha kwamba sheria haina macho, na atakapoingia ghalani, mahali inapofaa, ataivua. Serikali yenyewe ilikubali tofauti hiyo tarehe 11 Machi 2022, ilipoondoa amri ya kuvaa barakoa mahali pa wazi na kuwahimiza watu waendelee kuvaa ndani.

Katika msiba ule wa Takawiri nilimwona kijana aliyefika kutoka Nairobi. Alisimama nje ya nyumba, akaomba leso kwa dada yake, akajifunga puani na mdomoni, ndipo akaingia kumwamkia nyanya yake, naye alikaa mbali karibu na mlango. Hapakuwa na askari kisiwani siku ile. Ajuza alicheka, akamwuliza kama amekuwa mwizi.

Nahodha nilimwona tena mwaka 2023. Nilimwuliza ile barakoa ya buluu iko wapi. Akainama chini ya ubao wa kukalia, akanionyesha: alikuwa akichujia petroli ya mota.