Timazi na Mhimili: Habari za Kulinganisha Mitambo katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Ufundi wa kunyosha ni wa kale katika pwani ya Kilwa, kama magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yanavyoshuhudia. Mwashi wa pwani hupima ukuta kwa timazi, yaani uzi wenye uzito nchani. Na ukuta ukishanyoka, hukaa vivyo hivyo.

Mitambo ya kuzunguka ilienea pamoja na mkonge. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kabla ya vita vya 1914 Wajerumani walikuwa na mashamba yake karibu na Lindi. Katika viwanda vya mkonge, mashine ya kukwangua majani, iitwayo korona, iliendeshwa kwa mkanda. Mkanda ni mvumilivu: mihimili ikipishana kidogo, kazi huendelea.

Gesi ilileta mashine zisizovumilia. Iligunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kupelekwa kwa bomba hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuendesha mitambo ya umeme. Baadaye kituo kingine kilijengwa Somanga Fungu, wilayani Kilwa. Katika mitambo ya namna hii, mhimili wa injini huunganishwa na ule wa jenereta, uso kwa uso. Jenereta ya ncha mbili za sumaku, ikitoa umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde, huzunguka mara 3000 kwa dakika. Mihimili ikipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, mtikisiko hula beringi.

Hapo ndipo timazi inaposhindwa. Chuma hutanuka kwa moto: mguu wa chuma wenye kimo cha mita 1, joto likizidi kwa digrii 50, hurefuka kwa milimita 0.6 hivi. Mihimili iliyonyoka barabara mashine ikiwa baridi hupishana ikipata moto. Kwa hiyo fundi hodari huiweka chini kidogo, kwa makusudi, mashine itakayopata moto zaidi, akipunguza vipande vya bati chini ya miguu yake, ili ikiinuka ikutane na mwenzake.

Jambo hili lawahusu watunga istilahi. Mhimili, neno litokanalo na kuhimili, lilikuwa jina la boriti au nguzo, kitu kilichotulia. Kunyosha nako ni neno la ukuta. Mwanafunzi akiambiwa “nyosha mihimili,” atalitii neno na kuiharibu mashine. Kulinganisha kwafaa zaidi, maana hutaja vitu viwili na uhusiano wao; lakini hapana budi kutenga kulinganisha kwa baridi na kulingana kwa moto. Kamusi itakayoyatenga mawili hayo itamfaa fundi wa Somanga kama timazi imfaavyo mwashi.