Kukadiria pato la kati la kaya vijijini: Mfano wa Kaunti ya Busia

Mfanyabiashara anayetaka kufungua ghala katika mji wa mpakani huuliza kwanza wateja wake wana uwezo gani. Mara nyingi jibu analopewa ni pato la wastani, na matokeo yake ni shehena kukaa ghalani bila mnunuzi. Kwa soko la vijijini, kipimo kinachofaa zaidi ni pato la kati la kaya, ambalo wataalamu wa takwimu huliita mediani.

Pato la kati ni nini?

Ni pato la kaya iliyo katikati baada ya kaya zote kupangwa kutoka ya chini hadi ya juu. Tuchukue mfano wa kaya tano zenye pato la shilingi 5,000, 6,000, 8,000, 11,000 na 70,000 kwa mwezi. Wastani wake ni shilingi 20,000, ingawa kaya nne hazifikii hata 12,000. Pato la kati ni 8,000. Tajiri mmoja hupandisha wastani wa kijiji kizima, lakini hawezi kununua sabuni ya kijiji kizima.

Kwa nini hupimwa matumizi?

Vijijini kaya nyingi hazina hati ya mshahara. Mkulima hula sehemu ya mahindi yake, na mchuuzi anayevuka mpaka na mzigo mdogo haandiki mauzo. Kwa sababu hiyo, Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS) hupima umaskini kwa matumizi ya kaya. Chakula kilicholimwa nyumbani nacho huthaminiwa na kuhesabiwa.

Hesabu ya Busia

Katika utafiti wa bajeti ya kaya wa 2015/16, mstari wa umaskini vijijini ulikuwa Sh3,252 za Kenya kwa mtu mzima kwa mwezi. Waliokuwa chini ya mstari kitaifa walikuwa asilimia 36.1, Busia walikuwa asilimia 69.3. Wakazi wengi wa kaunti hiyo wako vijijini. Kwa kuwa waliozidi nusu walikuwa chini ya mstari, ni dhahiri kwamba matumizi ya mtu wa katikati kijijini hayakufikia Sh3,252.

Katika hesabu hiyo, mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa kama 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 kama 0.65. Kaya ya watu wazima wawili, mtoto wa miaka minane na wa miaka mitatu ni sawa na watu wazima 2.89. Zidisha kwa 3,252, unapata takriban Sh9,400 kwa mwezi. Hicho ndicho kikomo cha juu cha kaya ya katikati ya aina hiyo wakati ule. Fedha taslimu zilizofika dukani zilikuwa pungufu ya hapo, maana sehemu ya kiasi hicho ni chakula cha shambani.

Kulinganisha miaka

Kabla ya kusema pato limepanda au limeshuka, mambo manne yachunguzwe:

1. Mipaka. Utafiti wa 2005/06 ulifuata wilaya, na eneo la kaunti ya sasa lilikuwa wilaya za Busia na Teso. Serikali za kaunti zilianza 2013. Takwimu za wilaya moja zisilinganishwe na za kaunti nzima.

2. Bei. Kaya ikitoka Sh9,000 hadi Sh12,000 huku bei zikipanda kwa asilimia 40, pato lake halisi ni Sh8,571 kwa bei za zamani. Imeshuka, haikupanda.

3. Sampuli. Utafiti wa 2015/16 ulilenga kaya 24,000 katika kaunti 47, yaani kama 500 kwa kaunti. Tofauti ndogo kati ya miaka miwili inaweza kuwa bahati ya sampuli tu.

4. Msimu na matukio. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na kuruhusu mizigo. Malori yaliendelea kupita, lakini mchuuzi wa miguu alikwama. Idadi ya malori forodhani si kipimo cha pato la kaya.

Upande wa pili wa mpaka

Uganda ilitangaza umaskini wa asilimia 20.3 kwa 2019/20, na Tanzania Bara asilimia 26.4 kwa 2017/18. Asilimia hizo zisiwekwe pamoja na za Kenya, kwani kila nchi huweka mstari wake.

Kwa msafirishaji na muuzaji wa jumla, pato la kati husaidia kuamua ukubwa wa pakiti na mzigo wa kwanza. Pale linapokuwa dogo, sukari ya robo kilo hutoka haraka kuliko mfuko wa kilo mbili, na lori dogo la kila wiki ni salama kuliko kontena moja la mkopo.