Kipuri Safarini

Vijana wa leo wakisikia kwamba lori zima liliweza kulala miezi kwa kukosa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, hudhani sisi wazee tunatia chumvi. Hatutii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari mengi ya nchi yetu yalisimama, si kwa uchakavu, bali kwa kukosa vipuri.

Sababu zake zinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, vilimeza fedha nyingi, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa haba. Tena magari ya misaada yalitoka nchi mbalimbali, kila mfadhili na aina yake, hata kipuri cha lori moja hakikufaa jingine.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana katika chuo cha ualimu kilicho mbali na Dar es Salaam. Lori letu lilikuwa moja tu. Ndilo lililoleta unga, maharage na kuni, na ndilo lililowapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupata kipuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifikisha kwa fundi kikiwa kizima.

Fundi wetu alikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza, usiagize kwa maneno matupu: tuma kile kibovu kiwe kielelezo, na uandike namba ya injini na ya chasisi. Ya pili, kila kitu kifungwe kwa tabia yake. Gasketi ya silinda hedi haikunjwi. Hulazwa kati ya mbao mbili bapa. Beringi haivuliwi karatasi yake mpaka siku ya kufungwa. Pampu ya dizeli huzibwa matundu yote, maana chembe ya vumbi yatosha kuiua. Chuma kizito hakichanganywi na kioo. Ya tatu, furushi lisisafiri bila barua: orodha ya vilivyomo, jina la mtumaji na la mpokeaji, na nakala kwa dereva wa basi, aisaini.

Mwaka mmoja, baada ya kusubiri muda mrefu, pampu yetu ilipatikana. Duka lililoituma liliitumbukiza katika boksi tupu, matundu wazi, ikapandishwa juu ya basi kwenye barabara ya vumbi. Ilipofungwa, injini iliunguruma kidogo ikazima. Fundi aliifungua, akatuonyesha mchanga kwenye kitambaa cheupe, asiseme neno. Muhula ule wanachuo walifundisha katika shule walizoweza kuzifikia kwa miguu. Shule za mbali, ambazo baadhi yake zilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, hazikupata mtu.

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na vipuri vikaanza kuonekana tena madukani. Leo picha ya kipuri hutumwa Kariakoo kwa simu, na kesho yake furushi liko stendi. Hata hivyo, bado naona maboksi yakifika gereji yamelowa oili, hayana hata jina la mwenyewe.

Tukisimulia dhiki ya miaka ile, hutaja vita, mafuta na mipaka, na ni haki yetu. Hayo hakuna mwalimu wala fundi aliyeyaweza. Lakini kuziba matundu ya pampu kulihitaji matambara machache na dakika tano za mtu mmoja dukani. Sehemu hiyo ya historia nayo iandikwe.