Sicily wana mvinyo, sisi tuna "pombe ya kienyeji"

Niseme mapema ndio tusigombane: mimi sinywi. Kwetu Kisauni pombe haivuki mlango, na hii si posti ya kukutuma mangweni. Lakini karo ya mamangu, kutoka darasa la kwanza mpaka akamaliza fomu foo, ilitoka juu ya mnazi. Babu alikuwa mgema kule Kaloleni.

Kilichonikumbusha ni video. Kuna kisiwa kinaitwa Pantelleria, kiko katikati ya Sicily na Tunisia. Jua kali, upepo usio na adabu, mawe kila mahali. Wakulima wake wanapanda mizabibu ndani ya vishimo ili upepo usiing'oe. Zabibu zenyewe zinaitwa zibibbo. Nikasimamisha video hapo hapo. Zibibbo! Manze, si hilo ni neno letu? Wao na sisi tumelitoa kwa Mwarabu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ukulima huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Sawa, wanastahili. Ila nikajiuliza: kama kupanda mzabibu shimoni ni urithi, kupanda mnazi miguu mitupu, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, ni nini?

Angalia maneno tu. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, divai kwa Wafaransa. Cha kwetu kinaitwa tembo, na ni jina la heshima kiasi kwamba mnyama mwenyewe hapa pwani tunamwita ndovu. Na wageni wametuletea divai kitambo sana. Kuna kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kimeandikwa kwa Kigiriki, kinasema wafanyabiashara waliokuja pwani hii walibeba divai na ngano, si za kuuza, bali za kujipendekeza kwa wenyeji. Yaani miaka karibu 2,000 iliyopita sisi ndio tuliokuwa tunabembelezwa kwa chupa. (Haikuwa chupa, ilikuwa mitungi, lakini umenielewa.)

Watu wanadhani mnazi ni kitu kimoja. Babu angekucheka. Mgema anakata ncha ya karara kabla maua hayajafunguka, anafunga kibuyu, utomvu unadondoka polepole. Kila akipanda anakata tena kijipande chembamba. Akikata vibaya, karara linakauka na hasara ni yake. Unaoteremshwa mapema ni mtamu, mtoto anaweza kuulamba. Hamira ya hewani inauingia saa hiyo hiyo, jioni ushakuwa mkali. Ukikaa zaidi unakuwa siki, na siki ya mnazi kwenye achari, usiniambie kitu. Babu alikuwa akionja anakwambia umetoka mti gani. Huko Ulaya mtu wa hivyo anavaa suti na analipwa.

Tena Wamijikenda hawakuufanya kinywaji tu. Posa haiongeleki bila mnazi, na wazee wakiwakumbuka koma wanawamwagia kidogo chini. Msomi Mwingereza, David Parkin, aliandika kitabu kizima kuhusu minazi, tembo na mashahidi kwa Wagiriama, kikatoka 1972. Mwaka mmoja kabla, 1971, Kenya ilikuwa imepitisha sheria yake ya pombe za kienyeji. Leseni, masharti, faini. Sheria hiyo ikafutwa 2010 ikaja nyengine ya vileo vyote, lakini jina "pombe ya kienyeji" halikufutika midomoni mwa watu. Mama anakumbuka usiku ambao babu alificha vibuyu ndani ya debe la mahindi. Mtu aliyesomesha watoto watano, anajificha kama mwizi wa kuku.

Najua mtasema mnazi hauwezi kuwa mvinyo kwa sababu haukai. Kweli haukai. Lakini mvinyo nao ulikuwa ukiharibika. Mwaka 1773 Mwingereza John Woodhouse alipotaka kusafirisha mvinyo wa Marsala, hapo hapo Sicily, aliuongeza pombe kali usichache njiani, na Marsala ikajulikana duniani. Miaka ya 1860 Louis Pasteur akaonyesha kwamba ukiupasha moto kiasi hauharibiki. Kwa hivyo wenzetu waliona tatizo wakatafuta dawa, wakaweka pesa na maabara. Sisi tukatafuta askari.

Na sitajifanya sioni upande wa pili. Hapa mtaani kuna baba anamaliza mshahara mangweni kabla ya saa nne asubuhi. Kuna wauzaji wanaochanganya vitu ambavyo hata hawawezi kuvitaja. Lakini mnazi ukiuzwa gizani, nani ataupima? Anayeumia kwanza ni mgema anayeuza safi, kwa sababu bei yake na ya yule mchanganyaji ni moja.

Wajomba zangu wawili, mmoja anaendesha bodaboda Mariakani, mwengine anabeba mizigo Changamwe. Hakuna aliyejifunza kugema. Mwezi uliopita nilienda kumwona babu. Vidato alivyochonga kwenye mnazi wa nyuma ya nyumba bado viko, vimeanza kujifunga. Mimi chuo kilinishinda mwaka wa pili, sina cha kupoteza, nikamwambia anifundishe. Akanitazama kutoka kichwani mpaka tumboni, akacheka sana, akaniambia nianze na mpera.