Kahawa ya Nyumba Ntobhu

Bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu Tarime, maana yake ilikuwa kwamba siku akifumba macho, mji na shamba lake vitachukuliwa na ndugu za mumewe. Basi bibi akatoa ng'ombe wa mahari, akaoa. Mwanamke aliyemwoa ndiye mama aliyenizaa. Ndoa hiyo Wakurya tunaiita nyumba ntobhu, na watoto wake huhesabiwa kuwa wa mji ule. Mimi ni mmoja wao. Nimeolewa Nyakunguru, upande wa mgodi wa North Mara, lakini nilikulia juu, Muriba, kwenye baridi inayopendwa na mibuni ya arabika.

Ng'ombe wale walitokana na kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa imepanda mara kadhaa. Hata baada ya makato, fedha iliyomfikia bibi ilitosha. Wakati huo vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa na serikali tangu 1976, na mauzo yakawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Wanunuzi walibadilika, jina kwenye daftari halikubadilika. Kahawa ya bibi iliendelea kuandikwa kwa jina la mumewe, marehemu.

Kazi ilikuwa ya wanawake wawili na watoto. Tulichuma zilizoiva tu, nyekundu. Mbichi ikiingia kikapuni, bibi aliitoa mbele yetu na kutuonyesha. Jioni tulizimwaga kwenye maji, zinazoelea tukazitenga, kisha mashine ya mkono ya kumenya ikazunguka hadi usiku. Punje ziliachwa zichachuke ule utelezi utoke, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye vitanda vya wavu. Wingu likitanda, kila mtu aliacha alichoshika akakimbilia kufunika, hata aliyekuwa anakula. Kupiga bomba dhidi ya ugonjwa wa chulebuni alifanya mama, mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni. Sitaki mtu aniambie kwamba yule hakuwa mkulima, alikuwa msaidizi tu.

Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo kwa nchi chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Malipo nayo yalichelewa. Mpaka uko karibu, na kahawa nyingi ilivuka usiku kwenda Kenya. Nawaelewa waliovusha, maana ada za shule hazikusubiri. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi. Bibi alikataa, akachomeka migomba katikati ya mistari. Mgodi ulipofunguliwa 2002, vijana wengi walifuata dhahabu, shambani wakabaki wazee na kina mama. Miche mipya ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilipoanza kusambazwa, waliochimba mashimo ya kuipanda kwetu walikuwa mama na wajukuu.

Bibi alipofariki, kelele za ukoo zilianza kabla ya matanga kuisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo mama hakuwa mjane wa mtu yeyote kisheria. Kilichomwokoa ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, pamoja na wazee waliosimama mbele ya baraza na kusema nani amelima pale miaka yote. Shamba likabaki kwake.

Lakini suala la jina kwenye daftari bado. Tangu 2018 serikali imeagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, na anayelipwa ni aliyeandikishwa. Sheria ya ushirika ya 2013 haimzuii mwanamke kuwa mwanachama. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya Tarime: mnapoandikisha wakulima msimu huu, msiishie kuuliza baba wa mji ni nani. Ulizeni nani anachuma, nani anaanika, na jina lake ndilo mliandike.