Mgoa wa Mombasa na yadi zake mia

Ukikulia Mbwera, mbio unazijua kwa namna yake. Maji yakitoka mnakimbizana kwenye tope la mikoko, na hapo mshindi si mwenye kasi, ni anayejua pa kukanyaga. Riadha yenyewe, tuliamini, ni ya watu wa bara. Filbert Bayi wa Karatu, yule wa rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16. Halafu majirani zetu wa Bonde la Ufa. Pwani? Pwani ni ngalawa, mpira na taarabu.

Basi siku nilipokutana na jina la Seraphino Antao nilidhani mwandishi kakosea.

Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, wazazi wake Wagoa. Si mtu wa milimani, wala hakukimbia kilometa kumi kwenda shule. Alikuwa wa mbio fupi, zile ambazo hadi leo tunaambiana Mwafrika Mashariki haziwezi. Alikwenda Cardiff 1958 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akaenda Olimpiki ya Roma 1960, na kote akarudi bila medali.

Kisha ikaja Perth, Australia, Novemba 1962. Tazama hali yake ilivyokuwa: Goa ya wazazi wake ilikuwa ya Mreno hadi Desemba 1961, India ilipoichukua. Kenya aliyoikimbilia ilikuwa bado ya Mwingereza. Yaani kwao kwa wazee kulishabadilisha mwenye nyumba, na kwao yeye kulikuwa bado mwaka mmoja na ushei.

Perth siku zile joto lilipita nyuzi 38. Kwenye fainali ya yadi 100 alikuwepo Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa waliokuwa wakishikilia rekodi ya dunia ya mita 100. Antao akamaliza wa kwanza, sekunde 9.5. Jerome msuli wa paja ulimchanika njiani, akawa wa mwisho. Wapo watakaosema basi, ni bahati. Sawa, lakini bahati gani hiyo inayombeba mtu tena kwenye yadi 220? Maana nazo alizichukua. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya kwenye michezo hiyo, kabla ya Kipchoge Keino kuwa Keino tunayemjua.

Mwaka 1964, Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru, Antao ndiye aliyebeba bendera Tokyo. Ninaipenda sana picha hiyo: Mgoa wa Mombasa mbele, taifa nyuma yake. Ila medali, ile ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki, aliileta Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Kuanzia hapo hadithi ikapanda milimani na haikushuka tena.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1970, Edinburgh, michezo ya Madola iliacha yadi ikahamia mita. Yadi 100 ni mita 91 na kidogo. Sekunde zake 9.5 zikabaki kwenye kipimo ambacho hakuna anayekikimbia, hata wa kumvunjia rekodi hayupo. Mkimbiaji anakumbukwa siku rekodi yake inapovunjwa. Hapo ndipo mtangazaji analitaja jina lako.

Ilibidi aje Ferdinand Omanyala, kijana wa Vihiga aliyeanzia raga. Septemba 2021 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika, na bado akawa wa pili nyuma ya Mmarekani Trayvon Bromell. Agosti 2022, Birmingham, akatwaa dhahabu ya Madola kwa sekunde 10.02. Ghafla watu wakaanza kuulizana: kabla yake alikuwa nani? Miaka 60 nyuma, jina likatajwa redioni.

Mwenyewe hakulisikia. Alikuwa amefariki London, Septemba 2011.