Benz ya Zamani Chagua Mwaka, Si Rangi

Wasee, ile Mercedes W124 ya milango miwili inavutia, sikatai. Ilionyeshwa Geneva mwaka wa 1987, wakati Bruno Sacco alikuwa mkuu wa ubunifu pale Mercedes. Haina nguzo katikati ya madirisha, so ukishusha vioo vyote ubavu mzima unabaki wazi. Hapo ndipo mtu anatoa akiba ya miaka mitatu bila kuuliza swali.

Swali ni moja: ni ya mwaka gani? Kwa macho zinafanana, kwa injini hapana. Nyingi za 1993 hadi 1995 zilifungwa nyaya ambazo plastiki yake haivumilii joto. Inakauka, inapasuka, inapukutika kama maganda ya njugu. Shaba ikigusana na shaba, injini inaanza kutetemeka na kukosa nguvu.

Sasa ongeza historia yetu. Gari hii iliacha kutengenezwa 1996, na Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8. Piga hesabu: hiyo unayoonyeshwa Nairobi leo imekula mashimo yetu miaka 20 na ushei. Dalali akikuambia imeshuka meli juzi, cheka tu.

Mimi naona hivi: fundi wako afungue boneti kabla hujawashiwa redio. Uliza nyaya zilibadilishwa lini, na risiti iko wapi. Hakuna risiti? Toa bei ya nyaya mpya kwa bei ya gari. Akikataa, jitoe.